Ghorofa ya Tatu Mjini New York

Mgeni aingiaye New York kwa mara ya kwanza hutembea huku akitazama juu. Jengo la Empire State, lililofunguliwa mwaka 1931, lina matabaka 102, na kutoka barabarani hadi paani ni meta 381. Lakini jambo lililonishinda mimi katika mji huo halikuwa huko mawinguni. Lilikuwa karibu na ardhi, katika ngazi za hospitali moja.

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali shangazi yangu. Mwanawe, aliyezaliwa huko, aliniambia kwa simu: "She's on the third floor." Nilipofika nikakuta watu wengi wakingojea lifti, nami kwa haraka yangu nikashika ngazi. Nilijifunza shuleni kwamba Mwingereza huita tabaka la chini "ground floor," na lile lililo juu yake ndilo "first floor." Basi nikapanda mara tatu, wala sikusoma namba iliyoandikwa mlangoni. Nikazunguka kitanda hadi kitanda, nisimwone. Muuguzi mmoja akanielekeza nishuke tabaka moja. Dakika za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimekwisha karibu zote.

Kumbe Mmarekani, aghalabu, huanza kuhesabu pale pale mlangoni. Tabaka la chini kwake ndilo "first floor." Kwa hiyo "third floor" ya London ni "fourth floor" ya New York.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kwamba mataifa hayo mawili hutofautiana katika kila jambo. Yanapotaja kimo cha jengo zima, hupatana: yote mawili huhesabu na tabaka la chini. Jengo lenye matabaka manne ni "a four-storey building" kwa Mwingereza; Mmarekani husema vivyo hivyo, ila huandika "four-story." Tofauti huja katika kulitaja tabaka la juu kabisa: London ni "third floor," New York ni "fourth floor." Tena ukisema kwamba jengo lina kimo hicho, neno hilo huchukua wingi: "The building is four storeys high." Na mtu akaaye humo husemwa kuwa yu "on the third floor," wala si "in the third floor."

Sisi tuna mtego wetu wenyewe. Neno ghorofa lina asili yake katika neno la Kiarabu "ghurfa," maana yake chumba, na kwa wengi wetu ghorofa ni kile kilicho juu. Nyumba ya ghorofa moja, basi, ina chini na juu. Kwa Kiingereza hiyo ni "a two-storey house." Mfasiri aandikaye "one-storey" ameibomoa nusu ya nyumba kwa kalamu.

Huenda mtu akasema haya ni mambo madogo. Lakini mwenye kuita gari la wagonjwa au wazima moto katika nchi ya kigeni hana nafasi ya kukosea tabaka moja. Heri asome namba iliyo mlangoni mwake, aitaje hiyo hiyo. Naye amwelekezaye mgeni na aseme, "Go up two floors from the street," yaani panda matabaka mawili kutoka barabarani. Maneno hayo hayabadiliki London wala New York. Na ukiwa ndani ya lifti huko Marekani, tafuta kitufe chenye alama ya nyota: hicho ndicho cha tabaka la mlango mkuu.

Nilipomfikia shangazi alikuwa akisinzia. Akafumbua macho, akanishika mkono.

"Mwanangu, ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nilikuwa juu yako, shangazi," nikamjibu, "nikikutafuta."

Kengele ya kutoka ikalia.