Sokoine Drive na Nyumba Inayosingiziwa Mengi

Ukiwa na nafasi siku moja jijini Dar es Salaam, itembee Sokoine Drive kwa miguu, taratibu, usikimbilie kivuko. Barabara hii ina mambo! Kuna Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897 enzi za Wajerumani. Kuna Azania Front ya Walutheri, yenye mnara unaotazama bandari. Na kwenye barabara hiyo hiyo kuna ukumbi wa Freemason. Ndiyo, msomaji wangu, hao hao unaowasikia! Hawako msituni wala chini ya bahari. Wako mjini, kweupe, majirani wa makanisa.

Sasa hawa watu wametoka wapi? Juni 24, 1717, loji nne za London zilikutana kwenye baa iliyoitwa Goose and Gridiron, zikaunda Loji Kuu ya kwanza. Baa, jamani! Walichukua zana za waashi wakazifanya mafumbo ya tabia: skwea ikukumbushe unyoofu, bikari ikukumbushe kujua mipaka yako. Ndiyo maana nembo yao ni hizo zana mbili. Waingereza walipotawala huku, loji zao nazo zikaja. Wenzetu wa Nairobi wana ukumbi wao Nyerere Road.

Na wala usidhani wote walijificha. Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, Tabora, alikuwa kiongozi wao mkuu Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na alizungumza na magazeti bila kificho. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vya familia yake vya kusaga nafaka vilitaifishwa. Mwalimu Nyerere akamkabidhi kuliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji. Chande alifariki mwaka 2017, akiwa ameacha kitabu cha maisha yake.

Hebu tafakari hapo. Kama uanachama ungekuwa dawa ya utajiri, mbona bosi wao alinyang'anywa viwanda kama wenzake wote?

Hapa ndipo penye kidonda. Nenda mtaa wowote, utaona karatasi kwenye nguzo ya umeme: “Jiunge na Freemason, upate utajiri”, na namba ya simu. Wengine wanatuma meseji. Ukipiga, unaombwa ada ya fomu, kesho ada ya pete, keshokutwa ya “sadaka”. Kijana anauza simu, mke anachomoa hela ya kikoba, na yule wakala anazima namba. Pesa imekwenda, na ndani ya nyumba imebaki aibu na ugomvi.

Utaratibu wenyewe hauna mvuto kihivyo. Loji zinazofuata Uingereza zinapokea wanaume watu wazima wanaoamini kuwa Mungu yupo, wa dini yoyote. Ndani ya kikao ni marufuku kubishana dini au siasa. Mwanachama analipa michango kutoka mfukoni mwake mwenyewe, na sehemu ya pesa inakwenda kwenye misaada. Hakuna anayelipwa kwa kuingia! Siri wanazo, ndiyo, hasa alama za kutambuana na namna ya kufanya ibada zao. Unaweza usizipende, na dini yako inaweza kukukataza kabisa. Hiyo ni haki yako.

Lakini tusiwape matapeli mtaji kwa uvumi wetu. Kila tunapomwona jirani amejenga ghorofa tukanong'ona “huyo Freemason”, tunamfundisha kijana anayetusikiliza kwamba jasho halilipi, kwamba kuna mlango wa uani. Naye anaanza kuutafuta huo mlango kwenye nguzo ya umeme.

Kwa hiyo mwenzio akikwambia amepata namba ya wakala, usimcheke wala usimfokee. Mkalishe chini, muulize ni shida gani inayomsukuma huko: deni, kodi ya nyumba, au kukosa kazi. Hiyo shida ndiyo ya kuizungumza wawili ninyi, mapema, kabla hela haijatumwa.