Gofu Haina Kufa

Sheria ya banda la gemu ilikuwa moja: ukifa, unatoa pedi. Mwenye banda hakuwa na saa, na hakutaka kubishana na watoto kuhusu dakika. Unampa sarafu ya shilingi 50, ile yenye kifaru na mtoto wake, unakaa kwenye benchi mbele ya televisheni yenye kisogo, unacheza mpaka ufe. Kwenye Contra mtu alikufa kabla benchi halijapata joto. Kwenye gemu ya vifaru ukijitahidi ulifika raundi ya nne au ya tano, kisha kifaru cha adui kinavunja kile kiota cha matofali, na mkono wa anayefuata tayari uko begani kwako.

Hiyo ni Sumbawanga ya mwaka 1998, kwenye uchochoro usio mbali na soko kuu. Uwanda wa Ufipa uko juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake hukata masikio. Nusu ya watoto waliojazana mle ndani hawakuwa na hata senti, walifuata joto.

Kaseti ilikuwa ya njano na ilijigamba kuwa na gemu 9999. Ukihesabu hazikuzidi ishirini. Zilizobaki ni zilezile zimepewa majina mengine. Siku moja rafiki yetu wa Kizwite, aliyetaka gemu ya pikipiki, alibonyeza vibaya. Badala ya pikipiki akatokea mtu mnene mwenye sharubu, ameshika fimbo, amesimama upande wa kushoto wa skrini. Upande wa kulia kulikuwa na kitu kama ramani ya shamba: kijani, maji, mchanga, miti, na kwa mbali kijibendera. Juu yake pameandikwa Golf. Hakuna aliyejua ni nini.

Rafiki yetu alibonyeza, mtu mnene akapiga. Akapiga tena. Mpira ukaingia majini, ukarudishwa nchi kavu, akapiga tena. Foleni ikaanza kunung'unika. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Hatimaye mmoja akatoka mlangoni kumwita mwenye banda, aliyekuwa anachoma mahindi pale nje.

"Anko, huyu hafi!"

Mwenye banda aliingia na koleo mkononi. Alitazama mapigo matatu, manne. Akauliza swali ambalo nadhani ndiyo maoni ya kwanza kuhusu gofu yaliyowahi kutolewa kwenye uchochoro ule:

"Kwani mtu huyu anakufaje?"

Kimya. Tuligundua kwa pamoja, yeye kwa hofu na sisi kwa furaha, kwamba gofu haina kufa.

Kesho yake kila mtoto alitaka gofu. Mwenye banda, ambaye angefilisika kwa sarafu moja ya kifaru, akageuka mtunga sheria. Ukiingia majini, umekufa. Tukakubali, kwa kuwa mzee mnene hakuonekana kama mtu anayejua kuogelea. Baada ya wiki akaongeza: ukiingia mchangani, umekufa. Hapo palizuka kelele. Mchanga haumuui mtu, tulisema. Mafundi wanashinda nao mchana kutwa na jioni wanarudi kwao. Akajibu kwamba televisheni ni yake. Miti nayo ikaingia kwenye orodha, na mwisho wa mwezi uwanja wote ulikuwa umejaa mauti isipokuwa ile njia nyembamba ya kijani katikati.

Tulimbatiza mchezaji wetu Mzee Kitambi. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyeiga sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu ambaye kanda zake zilichezwa kwenye mabanda ya video nchi nzima. Yeye alisimama nyuma ya benchi akisimulia: sasa Mzee Kitambi ametoka kwake bila kumuaga mkewe, amesikia kule kwenye bendera kuna pombe ya kimpumu, anaulizia njia kwa fimbo. Kila pigo lilikuwa na hadithi yake. Kaseti yenyewe haikuwa na utani wowote. Aliyeitengeneza alitaka mchezo wa makini, upimaji wa nguvu na upepo, vidole vitatu vya subira: bonyeza kuanza, bonyeza kukata nguvu, bonyeza kunyoosha mpira. Vichekesho tuliviweka sisi.

Kisha kuna suala la pointi. Skrini ilihesabu mapigo, na sisi, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, tulichukulia kwamba namba kubwa ndiyo ushindi. Basi ufundi wa gofu ya Sumbawanga ulikuwa kuusogeza mpira kidogokidogo, kwa vipigo vya kuku anayedonoa, katikati ya ile njia nyembamba, bila kugusa maji wala mchanga, huku namba ikipanda. Waliokuwa na moyo wa subira walikaa hadi jioni. Mdogo wangu hakuwa na moyo huo. Siku moja kwenye shimo fupi alibonyeza tu, bila kupima, mpira ukaruka juu ya maji, ukadunda mara moja karibu na bendera, ukatumbukia.

Akaambulia moja.

Tulimcheka wiki nzima. Shuleni walimwita Bwana Moja. Alilia nyumbani na akaapa kutocheza tena.

Aliyekuja kutuharibia ni babu mmoja jirani yetu. Kama Wafipa wengi wa rika lake, alikuwa amevuka mpaka ujanani kutafuta kazi kwenye miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kabla ya kupata kazi ya maana alibeba mabegi ya Wazungu kwenye uwanja wa gofu wa Ndola. Alipita kumtafuta mjukuu wake, akachungulia, akaganda mlangoni.

"Shikamoo babu," tukasema wote.

"Marahaba. Nani amewafundisha hii?"

Akatuambia habari za Ndola, ambako vichuguu vikubwa kama nyumba vimesimama katikati ya uwanja na Mzungu anapaswa kuupigisha mpira juu yavyo au kuuzungusha. Akachukua kuni moja ya mwenye banda, akatandaza miguu, akatuonyesha kiuno kinavyogeuka. Halafu akatazama namba kwenye skrini, akauliza kwa nini mtoto anayecheza vibaya hivyo anashangiliwa. Tukamweleza. Alicheka mpaka akaegemea fremu ya mlango. Kwenye gofu, alisema, anayepiga mara chache ndiye mshindi. Moja ni kitu ambacho Mzungu akikipata huwanunulia wenzake pombe.

Nakumbuka macho ya mdogo wangu. Nakumbuka pia malalamiko ya yule aliyekuwa bingwa wetu: "Mchezo gani huo mshindi ndiye anayecheza kidogo?" Kwa mtoto aliyelipa shilingi 50 hilo lilikuwa dhuluma tupu. Kwa wiki chache tulijaribu kucheza gofu ya kweli. Ikawa ngumu, ikawa fupi, na msimulizi wetu akakosa la kusema, maana Mzee Kitambi alikuwa sasa na kazi. Tukarudi kwenye vifaru.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za kaseti ile. Gemu hiyo ilitoka Japani mwaka 1984, na aliyeiandika ni Satoru Iwata, kijana aliyekuja kuwa rais wa kampuni ya Nintendo. Wengine walikuwa wamekataa kazi hiyo wakisema mashimo 18 hayawezi kuenea kwenye kumbukumbu ndogo ya kaseti. Yeye akabuni namna yake ya kuyabana mpaka yakaenea. Alifariki tarehe 11 Julai 2015. Mwaka 2017 wachezaji waligundua kwamba gemu hiyohiyo imefichwa ndani ya mashine mpya ya Nintendo Switch, na ilifunguka tarehe 11 Julai tu, kwa yule aliyenyoosha mikono kama marehemu alivyozoea kufanya alipozungumza na watazamaji. Baadaye ikaondolewa. Nilisoma hayo nikiwa kwenye daladala, na nikajisikia kama mtu aliyegundua kwamba yule mzee waliyekuwa wakimtania utotoni alikuwa na kaburi lenye maua.

Miaka ya 2000 naipitia haraka kwa sababu haikuwa na gofu. Kaseti ziliondoka, zikaja mashine za sahani, na mabanda yote kuanzia Majengo hadi Katandala yakacheza kitu kimoja, mpira wa miguu, kwa muda unaohesabiwa. Sheria ya kufa ilikufa. Baadaye barabara ya kutoka Tunduma, kilometa zipatazo 220 za vumbi na matope, ikawekwa lami, na mizigo ikaanza kufika siku ileile. Lile banda letu limekuwa dirisha la wakala wa pesa za simu.

Mimi nilihamia Dar es Salaam, na huko nikaona gofu ya kweli kwa mara ya kwanza, kupitia uzio wa klabu ya Gymkhana. Nilisimama kama robo saa. Hakuna aliyecheka wala aliyesimulia. Mlinzi aliponiuliza natokea wapi na nikamjibu, alinitazama juu, akatazama mawingu. Wenyeji hulifasiri jina la mji wetu kuwa ni "tupa uchawi", lakini pwani wamesikia uchawi tu, hawakusikia tupa, na kwao kila Msumbawanga ana radi mfukoni. "Ndugu yangu, usitufungie uwanja," akasema. Wacheza gofu hukimbia radi kuliko kitu chochote. Huo ndio utani pekee niliousikia pale, na aliyeutoa alikuwa nje ya uzio kama mimi. Baadaye nilisikia pia kanuni ya uwanja wa Jinja, Uganda, kwamba mpira ukizama kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuutoa, nikafikiri mwenye banda wetu angeelewana sana na watu wa Jinja.

Krismasi ya 2021 tulikusanyika nyumbani Sumbawanga. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi. Mpwa wangu, aliyekuwa anasoma chuo, alikuja na kompyuta mpakato yenye gemu aliyosema itatufaa sisi wazee wa kaseti. Inaitwa What the Golf?, imetengenezwa Denmark na kampuni ya Triband ya Copenhagen, na ilitoka mwaka 2019. Watengenezaji wenyewe huitangaza kuwa ni gofu ya watu wasioipenda gofu.

Alimpa mdogo wangu aanze. Siku hizi mdogo wangu ni mtu mzima, ana watoto watatu na pikipiki mbili za biashara. Ukaonekana uwanja wa kijani, mpira, mtu mwenye fimbo, bendera. Akalenga, akashikilia, akaachia, kama manati. Mpira ukaenda. Shimo lililofuata akafanya vilevile, na mpira ukabaki pale pale. Aliyeruka ni mpigaji mwenyewe, akajikunja hewani kama nguo iliyoanuliwa na upepo.

"Nimepiga mpira, ameruka mtu," mdogo wangu akasema. "Hii imeharibika. Hebu izime uiwashe."

Mpwa wangu alikuwa ameshaanguka kwenye kochi kwa kicheko. "Haijaharibika, mjomba. Ndivyo ilivyo."

Maoni yaligawanyika hapohapo, na yameendelea kugawanyika hadi leo. Vijana wawili wa Chanji, rafiki za mpwa wangu, walikuwa wameshaimaliza. Mmoja alisema utani wake unaisha mapema: ukishajua kwamba chochote unachokiona kitaruka, hushtuki tena. Mwenzake aliulaumu mzaha wenyewe. Kuna mashimo yanayotania gemu nyingine, kama Portal na Superhot, ambazo hakuwahi kuzicheza, na alipita pale kama mtu aliyekaa harusini wakati upande wa pili wanataniana kwa kilugha chao. Mimi niliipenda hasa kwa kuwa shimo ulilokwisha kulimaliza, ukilirudia, linakupa sharti jipya. Niliona koleo la mwenye banda likirudi mlangoni.

Mdogo wangu ndiye aliyesema neno ambalo sijalisahau. Alikuwa amenyamaza muda mrefu, akipiga tu. "Sisi ile ya kwetu tuliiharibu wenyewe," akasema. "Hawa wameiuza ikiwa imeshaharibika." Sikujua kama analalamika au anasifu. Aliendelea kucheza mpaka chakula kikapoa. Alipofika kwenye shimo lenye sharti la pigo moja, akapima, akaachia, mpira ukaingia. Aliinua kichwa na kututazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

"Moja," akasema.

"Moja," nikamjibu.

Umeme ulikatika jioni. Kompyuta ilibakiwa na chaji kidogo, na mwanga wake ukamvuta Mama kutoka jikoni. Mpwa wangu akamkalisha, akamshika kidole.

"Bibi, lenga bendera. Shikilia. Haya, achia."

Zamu hiyo kitu cha kupigwa kilikuwa nyumba. Ikang'oka, ikabingirika juu ya majani, ikadunda kuelekea shimoni. Sisi wote tukashangilia. Mama aliondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Irudisheni," akasema. "Mmeangalia kama ndani hamna watu?"