Shirikisho Lililobaki Karatasini



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, baada ya Misa na wafanyakazi wa hoteli kule Kendwa, niliketi nao kunywa chai. Wengine ni wa Moshi na Songea, mmoja wa Masaka, mwingine wa Machakos. Huyu wa Machakos, aliyekuwa akihangaikia kibali chake cha kazi, aliniuliza: "Padre, ni kweli kwamba tulikaribia kuwa nchi moja?"

Nilimjibu kuwa ni kweli. Tarehe 5 Juni 1963, mjini Nairobi, Jomo Kenyatta, Milton Obote na Julius Nyerere walitangaza nia ya kuunda Shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka ule haujaisha. Zanzibar, iliyokuwa bado haijapata uhuru, nayo ilikaribishwa. Nchi tatu za bara zilikuwa tayari na reli, posta na shilingi ya pamoja. Hata hivyo mwaka uliisha, na shirikisho halikuzaliwa.

Sababu zilikuwapo, tena zenye uzito. Serikali ya Uganda iliona vigumu kuachia mambo ya nchi za nje, kiti chake katika Umoja wa Mataifa na haki ya kukopa ng'ambo. Buganda ilihofia hadhi yake. Makao makuu nayo yalileta ubishi. Hakuna aliyeukataa umoja. Kila mmoja alikuwa na kitu kimoja tu asichoweza kukiachia.

Nyerere alikuwa ameliona hilo mapema. Mwaka 1960 alisema yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziupate pamoja, zikiwa zimeungana. Alijua kwamba mtu akishaketi kitini, kuinuka ni kazi. Haikuwa hivyo, kila nchi ilipandisha bendera yake kwa siku yake. Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 1964. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Mkataba huo unalitaja shirikisho la kisiasa kuwa lengo la mwisho, na hadi leo halijafikiwa.

Nikiwa njiani kurudi mjini, dhamiri ilinisuta. Mwaka jana tulishauriwa kukiunganisha kigango cha Kendwa na vigango vingine vya kaskazini, ili siku moja viwe parokia yenye padre wake. Nilijibu kwamba ni mapema mno: waamini ni wachache, wengi huhama msimu ukiisha, na katekista ni mmoja. Yote hayo ni kweli. Lakini lipo nisilolisema. Sadaka ya Kendwa, wakati wa watalii, huijaza hazina ya parokia yetu, nami sikutaka kuikosa.

Nimewalaumu wazee wa mwaka 1963 kwa kushikilia mataifa. Mimi nimeshikilia kikapu.

Injili ya punje ya ngano nimeihubiri mara nyingi. Sasa yanipasa kuitii. Jumamosi ijayo nitakutana na viongozi wa vigango, na jambo hili nitalisema mbele yao kama nilivyolisema hapa. Mwombeeni kijana wetu apate kibali chake. Nami mniombee, nisije nikapata sababu nyingine nzuri.

Padre wenu.