Dawati Letu la Gihosha

Nyumba tuliyopanga Gihosha, mlimani kaskazini mashariki mwa Bujumbura, ina sebule ambamo wageni wanne wakiketi, wa tano husimama. Humo ndimo tulimokuwa tukisahihisha insha, daftari zikiwa magotini, ama juu ya meza ya chakula hadi saa ya kuiandika. Na insha ya mwanafunzi ikirudi na doa la mawese, mwalimu hana la kujitetea.

Bei za madukani zilitushinda. Tukateremka Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi. Katika karakana ya kwanza palikuwa na dawati rahisi la mkaratusi, ila mbao zake zilikuwa bado mbichi. Nasi tulikwisha kuumwa na kabati la namna hiyo, lililopinda hata mlango ukakataa kufungika.

Seremala wa pili, mtu mzima, alitucheka: "Dawati ni la shule, Mwalimu. Wewe wataka meza."

Ualimu hauna likizo. Tukamweleza kwamba neno hilo, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni kidau cha wino. Akafikiri kidogo.

"Basi kidau cha wino chataka miguu minne ya nini?"

Akatuchongea ubao mmoja mkavu, sentimita 90 kwa 45, akaufunga ukutani kwa bawaba na minyororo miwili. Wageni wakija, hukunjwa ukalala ukutani. Gharama haikufika nusu ya bei ya dukani.

Ila kila jioni binti yetu, mwenye mtihani mwaka huu, hutuwahi. Nasi hungoja zamu yetu, daftari magotini.