Keki ya Ssekukkulu

Waganda huiita Krismasi Ssekukkulu. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mara mbili asili ya neno hilo: ni sikukuu, neno lililopanda bara pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliofika katika ikulu ya Kabaka katika karne ya 19, likakaa Buganda hata likasahau kwao. Sisi tuliolelewa huko tulilitamka kila mwaka pasipo kujua kwamba tunasema Kiswahili. Jambo hilo lisingekuwa na uzito wowote, lau si kwamba nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa kimepigwa marufuku.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara iendayo Jinja kutoka Kampala, si mbali na Lugazi. Baba yetu alikuwa mtu mpole, lakini jioni moja katika miaka ya 1970 alirudi nyumbani mdomo umevimba. Askari wa kizuizi cha barabarani walikuwa wamemwuliza neno kwa Kiswahili, naye hakuweza kulijibu. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikuwa imekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Walakini tangazo haliwezi kumpendezesha lugha mtu anayeisikia ikitoka nyuma ya bunduki. "Hiyo si lugha ya mezani," Baba alituambia, na neno lake likawa sheria.

Mezani! Tulipoketi kula, palikuwapo ssowaani na ekijiiko, yaani sahani na kijiko. Palikuwapo omugaati, ambao ni mkate, na omuceere, ambao ni mchele. Chakula kilitoka katika ssefuliya. Hata meza yenyewe, emmeeza, ilikuwa ya Kiswahili. Lugha iliyokatazwa kuingia mlangoni ilikuwa ndani siku nyingi, imekaa jikoni pamoja na Mama.

Kwa Mama, Krismasi ilianza mwezi wa Oktoba, kwa sababu ya sukari. Baada ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972, viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira vilidhoofika sana, hata sisi tuliokaa karibu na mashamba ya miwa tukawa tunaitafuta sukari kwa magendo. Neno hilo magendo nalo lilitufikia kwa Kiswahili, na matajiri wapya walioneemeka kwa dhiki ya wenzao waliitwa mafuta mingi. Kila juma Mama alichota kijiko kimoja cha sukari, akakitia katika kopo alilolifunga kwa kitambaa na kulificha chini ya kitanda. Tulikijua kificho hicho sote. Hakuna aliyethubutu kukigusa.

Usiku wa tarehe 24 Desemba kopo lilitolewa. Kazi yetu watoto ilikuwa kupiga siagi na sukari kwa mwiko. Mkono wa mmoja ukichoka, mwingine alipokea. Kisha yakaja mayai, moja baada ya jingine, na unga wa ngano uliochekechwa. Tanuri hatukuwa nalo. Mama alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaiweka juu ya jiko la mkaa mpaka mchanga ukashika moto, akaitia ndani yake sufuria ndogo yenye keki, akafunika, na juu ya kifuniko akapanga makaa mekundu. Ujuzi wote ulikuwa katika makaa hayo: yakizidi, keki huungua juu na kubaki mbichi katikati, yakipungua, haiumuki. Mama hakuwa na saa. Aliipima kwa pua.

Bibi yetu aliketi kando akitazama. Yeye alishika mwiko wa zamani wa wanawake wa Kiganda, hakula kuku wala mayai, na kwa hiyo keki hakuigusa. Alikaangiwa kabalagala: ndizi mbivu ndogo zilizopondwa, zikakandwa kwa unga wa muhogo, zikasukumwa, zikakatwa mviringo na kutumbukizwa katika mafuta ya moto. Sisi tuliokuwa na tamaa ya keki tulikiona kitu hicho kuwa cha wazee.

Siku ya pili, tulipotoka kanisani, tulikuta matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, yakapondwa hata yakawa laini, na luwombo, yaani kuku wa mchuzi wa karanga aliyefungwa katika jani la mgomba lililopitishwa motoni. Mama akifungua jani, harufu yake ilinyamazisha nyumba nzima.

Ikaja Krismasi ya mwaka 1978. Vita na Tanzania vilikuwa vimekwisha kuanza, na kopo la chini ya kitanda lilikuwa tupu. Unga wa ngano haukupatikana hata kwa magendo. Mama akakaanga kabalagala kwa ajili yetu sote, akafunga nyingine katika jani, akatutuma kwa jirani ambaye mumewe alichukuliwa mwaka ule wala hakurudi. Jirani hakuirudisha sahani tupu, aliijaza karanga. Mwaka huo ndipo tulipotambua kwamba chakula cha Bibi hakikuhitaji sukari, wala ngano, wala mayai, na kwamba hakuna serikali iliyoweza kutunyima.

Mji wa Kampala ulianguka tarehe 11 Aprili 1979. Krismasi ya mwaka huo askari kijana wa Kitanzania alisimama uani petu, akainama kidogo mbele ya Baba, akasema, "Shikamoo mzee. Naomba maji, tafadhali." Baba akakaa kimya. Mama alipoleta maji, kijana akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Heri ya sikukuu." Baba akatugeukia, akauliza amesema nini. Tukamjibu kwamba amesema Ssekukkulu. Alifikiri kitambo, kisha akasema, "Mleteni mezani."

Hatusemi kwamba tangu siku ile Baba alikipenda Kiswahili, hakukipenda. Ila marufuku yake hatukuyasikia tena, na baadhi yetu leo tunakifundisha.

Tangu mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa katiba, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mema. Lakini, walimu wenzetu, mwanafunzi anaweza kuja darasani na hofu aliyorithi kwa babu yake, na hofu haiondolewi kwa amri. Kabla ya kumfungulia kitabu cha sarufi, mwulizeni kwao sahani huitwaje, na sufuria, na mkate, na siku ya kula keki. Ataona kwamba somo la kwanza alikwisha kulisoma kwa mama yake.