Mtoto mpole

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuulizana kama mwenzenu nimeolewa upya au nimehama nchi. Sijahama. Nipo hapa hapa Dar es Salaam, Tabata ile ile, ila siku hizi nina bosi mpya. Bosi huyu hana meno, hajui kusoma, na anaitisha vikao saa nane usiku bila ajenda. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa. Ana miezi minne na nusu sasa, na kwa kuwa muda huu amelala, ngoja niwape stori ambayo nimekaa nayo rohoni kwa muda mrefu. Si stori ya kujisifu. Ni ya aibu kidogo.

Kwanza turudi nyuma. Mnajua kazi yangu ni uandishi wa habari. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti dunia huadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji, na pale chumba cha habari kazi hiyo huangukia kwa wasichana. Basi nilikuwa nakwenda ukumbini, napewa fulana na daftari, nasikiliza hotuba, narudi kuandika: "Akina mama nchini wametakiwa kuwanyonyesha watoto wao maziwa ya mama pekee katika miezi sita ya mwanzo." Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu, miaka mitatu tofauti, nikabadilisha jina la mgeni rasmi tu. Hata siku moja sikuuliza: wananyonyesha vipi? Nilidhani ni kama kupumua. Mtoto ana mdomo, mama ana maziwa, swali liko wapi?

Mheshimiwa alizaliwa na kilo 3.2. Akawekwa kifuani ndani ya saa ile ile ya kwanza, akapata ile dang'a ya njano tunayoambiwa ni kama chanjo ya kwanza. Nikasema hapa nimefaulu mtihani. Siku ya tatu chuchu zikaanza kupasuka. Kila akinyonya nakunja vidole vya miguu kwa maumivu, naangalia ukutani mpaka amalize. Nikiuliza, kila mtu ananiambia, "Utazoea." Nikaamini kwamba maumivu ni ada ya kujiunga na chama cha wazazi.

Siku ya saba tukaenda kliniki, mzani ukasema kilo 3.0. Nesi akaniambia nisiogope, watoto hupungua uzito siku za mwanzo kisha huurudisha, wengi mpaka wiki mbili wanakuwa wameshaurudisha. Nirudi siku ya ishirini na nane. Akaniambia pia nikiona jambo nisisubiri tarehe. Hilo la pili sikulishika.

Kisha likatokea jambo nililoliona neema. Mheshimiwa akawa mpole. Yaani mpole hasa! Ananyonya dakika kumi, analala kifuani. Saa nne usiku namlaza ndani ya neti, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Wageni wanakuja na sabuni na kanga, wanamwangalia, wanasema, "Hongera, umepata mtoto mpole. Wa kwangu alikuwa hatulalishi." Nikavimba kichwa. Nina rafiki yangu aliyejifungua wiki moja kabla yangu, wa kwake anaamka mara tano kwa usiku. Jamani, nilimtumia ujumbe wa kumshauri! Nikamwandikia kuhusu kuweka ratiba na kuzima taa mapema. Mimi, mzazi wa wiki tatu.

Mama mkwe alifika wiki hiyo kutoka Moshi, na mikungu yake ya ndizi, tayari kunipikia mtori. Nikamwamkia, akaitikia, akanawa mikono, akampokea mjukuu. Akamnyanyua juu, akamshusha, akamnyanyua tena. Akakaa kimya. Kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, huyu mtoto mbona mwepesi?"

Niliumia. Nikasema ni kwa sababu ni mrefu, amefuata upande wa kwetu. Akanyamaza, lakini kesho yake akaanza: maziwa yako ni mepesi, hayamshibishi, tumpe uji laini kidogo, watoto wangu wote nimewapa na wako wazima. Hapo nikageuka taarifa kwa vyombo vya habari. Nikamwambia, "Mama, wataalamu wanasema mtoto asipewe hata maji mpaka miezi sita, tumbo lake halijawa tayari." Akanitazama akasema:

"Hao wataalamu wamemshika?"

Sikuwa na jibu. Kwa siku nne nyumba ikawa ya baridi. Baba Mtoto akawa kama mwamuzi asiye na filimbi, anatoka mapema anarudi usiku. Nje nako hakukuwa shwari. Jirani mmoja, kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani, alimuuliza dada wa kazi kama "hawajambemenda yule mtoto". Wenzetu wasiojua, kubemenda ni ile imani kwamba wazazi wakikutana kimwili, au mmoja akitoka nje ya ndoa, mtoto anayenyonya anadhoofu. Yaani mtoto akikosa uzito, mashtaka yanakwenda chumbani kwa wazazi. Nililia siku ile. Lakini niseme ukweli: nililia kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaanza kuona zile mbavu wakati wa kumwogesha, na nilikuwa najifanya sizioni.

Siku ya ishirini na nane ikafika. Mnaujua ule mzani wa kuning'inia, mtoto anavalishwa kifuko anabembea kama papai. Nesi akasoma. Akasoma tena. Kilo 3.2. Mwezi mzima umepita na Mheshimiwa alikuwa amerudi pale pale alipozaliwa, wakati mtoto wa umri huo huongezeka kama gramu 25 hadi 30 kwa siku. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani, akaniuliza:

"Mama, huyu mtoto analala?"

Nikajibu kwa fahari, "Analala sana nesi, usiku kucha hasumbui."

Akaweka kalamu chini. Akauliza kwa siku analowanisha nepi ngapi. Nikahesabu, nne. Akasema zilitakiwa zifike sita au zaidi. Kisha akaniambia nimnyonyeshe pale pale, na akavuta kiti akakaa mbele yangu kutazama. Dakika moja tu ilimtosha.

"Huyu hanyonyi, anatafuna chuchu. Ndiyo maana wewe unaumia na yeye hashibi. Halafu hana upole wowote huyu. Amechoka. Mtoto asiyekula anapunguza matumizi."

Wadau, mambo mengi nimeandikiwa na wahariri kwa kalamu nyekundu, lakini hakuna lililonichoma kama hilo. Amechoka! Ule usingizi niliokuwa najivunia kwa wageni ulikuwa mwanangu anabana matumizi.

Akanifundisha. Mwili wa mtoto mzima unielekee mimi, si kichwa peke yake. Pua iwe sawa na chuchu. Nisubiri afungue mdomo wazi kabisa, kama anayepiga miayo, ndipo nimlete yeye kwenye titi, nisipeleke titi kwake. Akishika vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na ile sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu kuliko chini. Tukajaribu mara tatu. Mara ya nne nikasikia tofauti. Hakukuwa na maumivu, na nikasikia sauti ambayo kwa mwezi mzima sikuwahi kuisikia: anameza. Gluk, kimya, gluk.

Akanipa masharti. Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa saa ishirini na nne, usiku ukiwemo. Asipoamka, nimwamshe, isipite saa tatu. Amalize titi moja kwanza kabla ya lingine, maana kadiri titi linavyokwisha ndivyo maziwa yanavyokuwa na mafuta zaidi. Akanieleza pia kwamba homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku, kwa hiyo nilipokuwa nalala usiku mzima na mimi nilikuwa nafunga kiwanda. Suala la kubemenda nilipolitaja kwa aibu, akatikisa kichwa: "Uzito unatoka kwenye chakula, na unaondoka kwa njaa na maradhi. Rudi baada ya wiki moja. Ukiona hanyonyi kabisa, ana homa au amelegea, usisubiri wiki."

Basi usiku ule mwenzenu nikatega saa. Mnajua uchungu wa kumwamsha mtoto aliyelala? Unamvua nguo, unampangusa nyayo kwa kitambaa chenye maji, unamsugua mgongo, anafungua jicho moja anakuangalia kama mtu aliyedhulumiwa, analifunga. Saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili. Usiku wa pili alianza kuamka mwenyewe. Usiku wa tatu aliamka na hakutaka kulala tena. Nguvu zilikuwa zimemrudia na zote alizipeleka kooni.

Saa tisa usiku umeme ukakatika, feni ikasimama. Nilikuwa nimemnyonyesha mara tatu tangu saa nne na bado analia. Nikajikuta nimemfokea. Nimemfokea kwa sauti kubwa mtoto wa mwezi mmoja, "Unataka nini?" Sauti yangu mwenyewe ikanitisha. Nikamlaza chali kitandani, nikachomekea neti, nikatoka nikakaa barazani gizani, mikono inatetemeka. Ninaandika hili kwa makusudi, kwa sababu najua kuna mama mahali fulani amekaa barazani vile vile na anadhani ni yeye peke yake. Kumlaza salama na kutoka nje dakika tano ni afadhali mara mia kuliko kubaki pale na hasira mkononi.

Mama mkwe akatoka na kanga yake. Nikajua sasa naambiwa habari za uji. Hakuzitaja. Aliingia ndani, akamchukua Mheshimiwa, akamweka begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua kama mzee aliyetoka harusini. Akaniambia, "Akishanyonya nipe mimi. Kucheulisha si lazima mwenye maziwa. Nenda kalale." Alfajiri nilipoamka nikakuta kweli amepika uji. Bakuli kubwa, wa moto, wenye maziwa na karanga. Akauweka mbele yangu.

"Kama mtoto hali uji, basi atakula kupitia kwako."

Tangu siku hiyo tukawa timu moja. Niligundua kwamba yeye na yule nesi walikuwa wameona kitu kile kile. Mama mkwe alimshika mtoto akajua ana njaa. Alichokosea ni dawa tu. Mimi niliyejua dawa kwa kichwa ndiye niliyekuwa sijaona ugonjwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki wote wawili. Kilo 3.4. Siku ya chanjo za wiki ya sita, 3.7. Nesi akamuuliza, "Bibi, mjukuu unampa nini?" Akajibu bila kupepesa, "Mimi nampa mama yake uji." Wiki ya kumi Mheshimiwa alisoma kilo 4.8, na nesi akaniruhusu kuacha kutega saa. Sasa anaamka mwenyewe mara mbili, tatu. Na amini msiamini, kila akilia usiku kuna sehemu ndani yangu inashukuru.

Siku 84 za likizo ya uzazi zikaisha kama mchezo. (Baba Mtoto yeye sheria ilimpa siku tatu, na moja aliitumia kwenye foleni.) Hapo tena nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo nayo niliwahi kuiandikia habari bila kuielewa. Inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Nilipomwambia mhariri wangu alidhani natania. Nikampelekea kifungu. Nyumbani kwangu ni mbali kwenda na kurudi, kwa hiyo tukakubaliana saa moja nikamue na saa moja niondoke mapema. Nakamulia stoo, katikati ya magazeti ya zamani, naweka kwenye friji, narudi nayo na barafu. Dada anamnywesha kwa kikombe kidogo. Kuna siku napata kikombe kizima, kuna siku nusu. Jana nilikuwa nakamua huku nimekaa juu ya rundo la magazeti, nikatupa jicho chini nikaona kichwa cha habari changu mwenyewe. "Akina mama wametakiwa."

Nilicheka peke yangu mle stoo. Agosti ikija nikapangiwa tena habari hiyo, nitakwenda, fulana nitapokea, lakini safari hii nitanyanyua mkono. Nitamuuliza mgeni rasmi nani atakayevuta kiti akae mbele ya kila mama kwa dakika moja amtazame anavyonyonyesha. Na nani atakayempikia uji.

Na wewe unayekwenda kumwona mzazi wikiendi hii, ukiambiwa mtoto ni mpole sana, halii, analala siku nzima, usiishie kwenye hongera. Uliza amepimwa lini. Uliza mama amekula nini.

Haya, naona neti inatikisika. Mheshimiwa anaitisha kikao.