Mtoto ni Amana, Hata Mlimani



Wazazi wetu wa Rwezamenyo, wenzetu wa nchi za baridi, mwisho wa wiki ukifika, huvaa mbao za kuteleza wakapanda milima ya theluji. Kwetu theluji huonekana kwa nadra tu kileleni Karisimbi, mita 4,507. Hata jina lake hunasibishwa na isimbi, yaani simbi nyeupe. Sisi Jumapili huwapandisha watoto Mlima Kigali, karibu mita 1,850, kwa miguu kutoka Nyamirambo.

Jumapili moja ya masika, tulipokaribia juu, wingu jeusi likatanda na radi ikanguruma. Tukawageuza wote. Wakubwa wakanuna. Mmoja akauliza, "Ustadhi, si tumeshasoma dua?" Tukamkumbusha hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola. Nchi yetu ina radi nyingi, na kila mwaka zinaua. Mahali pa wazi kama pale, kushuka mapema ndiko kumfunga ngamia.

Wapo wazazi waliosema tumewavunja watoto moyo. Tunawajibu kwa heshima: hata hao wa theluji hurudi nyuma wakiona mteremko unataka kuporomoka. Kilele hakihami; mtoto ni amana.

Atakayefuatana nasi amwandalie mwanawe maji, koti la mvua na viatu visivyoteleza. Tunaondoka baada ya Alfajiri, na Adhuhuri inatukuta msikitini, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.